Nimetengenezesha kava la faiba la mashine ya kupachika pale Mtoni, haya ndio niliyoyaona

Assalaam alaikum wenzangu wa baharini. Kila siku naona mtu anauliza wapi atapata kava la mashine ya kupachika, yaani kifuniko cha juu cha ile injini inayofungwa nyuma ya boti, la kwake limepasuka, au limechukuliwa na bahari, au limekwenda kwa fundi halikurudi, na jawabu huwa ni ile ile, agizia Dar. Mie langu nimetengenezesha hapa hapa Unguja, karakana moja ya faiba maeneo ya Mtoni, na nimengoja kusema mpaka limepigwa na kusi sawasawa, maana kava jipya siku ya kwanza hakuna lisilopendeza.

Nianze na hukumu. Kazi ni nzuri, tena nzuri khasa pale penye uzito wake, yaani mashine inapumua vizuri na maji ya chumvi hayaingii. Nimewapunguzia kwa ajili ya mpira wa ukingoni, kwa ajili ya ndani ambako hakukumaliziwa, na kwa ajili ya ahadi za muda. Nyota nne kati ya tano. Anaetaka kujua kwa nini aendelee, maelezo ni marefu kidogo lakini nimeona watu wengi wanalichukulia kava kama pambo la mashine wakati ndilo linaloamua mashine ikae miaka mingapi.

Boti yangu inalala Kizimkazi Dimbani, ya faiba, asubuhi inabeba wageni wa pomboo na siku nyengine tunatoka kuvua mshipi. Mashine ni Yamaha Enduro 40, tu-stroki, shafti ndefu, ya kuvuta kamba. Kava lake la asili lilipasuka nyuma kwa juu, pale penye njia ya hewa, likazibwa kwa puti likapasuka tena, likafungwa na mpira wa tairi, mwisho kipande kikenda zake na bahari. Sasa kwa wasiojua, pale nyuma kwa juu ndipo mashine inapovutia hewa, na pakibaki wazi basi wimbi lolote linalopanda shetri, yaani ule ukuta wa nyuma wa boti, linamwagika juu ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, na kabureta moja kwa moja. Na sisi wa pomboo tuna shida yetu wenyewe, tunasimama sana, boti inateleza na maji mashine ikiwa sailensi, inazunguka polepole tu, wimbi la kusi linakuja kutoka nyuma linapiga shetri paa, ile rasharasha yote inaishia kwenye mashine. Tu-stroki haina oili iliyokaa chini ya krenkishafti kama foo-stroki, mafuta yake yanakuja pamoja na petroli, kwa hiyo kabureta ikivuta maji ya chumvi yanapita hapo hapo kwenye beringi, na yakilala humo usiku mmoja kutu inaanza. Mashine haifi siku ile. Inakufa baadae, unaanza kusikia inalia, fundi anakwambia beringi, na hukumbuki tena kama chanzo ni kile kipande cha kava.

Njia nyengine nliziulizia zote kabla. Kava orijino bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilicholipa mwisho wa yote, na kungoja juu. La mtumba nliletewa likawa la modeli nyengine, klipu hazikutani na sehemu zake. Mafundi wa kuchomea wanakutengenezea la bati la alumini, linakaa, lakini linatetema kelele tupu na wakifunga nati za stenlesi bila kutenganisha kwa plastiki au hata grisi basi kwenye chumvi alumini inaliwa pembeni ya kila nati. Mafundi wa bampa za magari mjini ni mafundi kweli kwa kazi yao, ila wao wanapaka faiba juu ya kava bovu, hawatoi jipya, na kila ukilirudisha linaongezeka uzito na mpasuko unahamia pembeni.

Pale Mtoni karakana yenyewe ni banda la mabati, upande mmoja pana boti imepinduliwa, upande mwengine madumu, harufu ya rezini, ile gundi ya faiba, inakupokea kutoka barabarani. Mie sikuangalia banda, niliangalia kama wana mizani na kama wana sirinji. Wanavyo vyote viwili, na nkamuona kijana anapima hadna, ile dawa ya kugandisha rezini, kwa sirinji huku rezini iko juu ya mizani, hapo moyo ukatulia. Hili nalisema kwa kila mtu anaetaka kupeleka kazi ya faiba popote pale: fundi anaemimina hadna kwa kukisia na kifuniko cha chupa mkimbie. Rezini ya poliesta inataka hadna kama asilimia 1 mpaka 2, yaani mililita 10 hadi 20 hivi kwa kilo, na kwa joto letu hili unakaa karibu na ile 1. Ukizidisha inapata moto, inaganda kwenye ndoo kabla hujamaliza kupaka, na hata ikishakauka inakuwa kavu ya kuvunjika, baada ya muda unaona nyufa kama nywele. Ukipunguza mno haikauki sawasawa, inabaki laini kwa ndani na utakuja kujua jua la Januari likishalipiga.

Fundi mwenyewe ni mtu mzima, rika la baba yangu, mie namwita ami. Nkamtolea lile kava bovu nkamwambia ami nataka kama hili hili ila zima. Akaligeuza geuza, akachungulia ndani, akaniuliza, "Boti iko wapi?" Nkamwambia Kizimkazi. Akasema, "Basi mwanangu kava niachie, lakini sikati hata kipande cha mati ya nyuzi za faiba mpaka niione mashine imekaa vipi shetrini." Nkamwambia vipimo si vipo kwenye kava lenyewe? Akasema, "Kava linanambia mashine. Halinambii boti."

Na kweli akaja mpaka Dimbani, nauli nlilipa mie, akaja maji yametoka boti imelala mchangani. Kitu cha kwanza alichokitaka mashine inyanyuliwe mpaka mwisho. Hapa ndipo nilipomkubali. Mashine ya kupachika ukiinyanyua propela inakuja juu kwa nyuma na kichwa kinainama kuja ndani ya boti, na boti yangu nyuma pana kiti cha ubao kimeongezwa baadae kwa ajili ya wageni, sasa kati ya paji la kava na ule ubao nafasi ilikuwa vidole viwili vitatu tu. Kumbe lile kava la asili lilikuwa na alama ya kukwaruzwa pale mbele kwa juu na sote tulikuwa tunaiona hatuulizi imetoka wapi. Huku kwetu maji yakitoka siku za bamvua yanatoka mbali, mashine inanyanyuliwa kila siku ya Mungu, na kila ikinyanyuliwa kava linabusu ubao. Ule mpasuko wa nyuma ulianzia mbele, kava linasukumwa mbele linavutwa na klipu ya nyuma, pale penye tundu la hewa ndipo palipo dhaifu ndipo pakafunguka. Akakata boksi gumu akalifuatisha umbo la kava, akalivisha mashine, akanyanyua, akakata pale linapogusa, akanyanyua tena, mpaka likapita na nafasi ya kiganja. Akageuza mashine kulia na kushoto akaangalia pembe za shetri na mpira wa petroli unapita wapi. Akavuta kamba ya kuwashia pande zote kuona kama itakwaruza. Halafu akavua kava la boksi kwa mkono mmoja akasema hivi ndivyo litakavyotoka na la faiba, bila spana, maana kamba ya kuwashia ikikatika baharini lazima uvue kava uzungushe kamba ya dharura kwenye flaiwili, na mkono mwengine unautaka ushikilie boti. Mafundi wangapi wanafikiria hilo?

Sasa njoo kwenye hewa. Alichukua karatasi akapima tundu la asili la kuvutia hewa, akasema jipya halitakuwa dogo kuliko lile, litazidi kidogo kwa sababu anataka hewa ipite njia yenye kona. Kava langu nyuma lina mdomo unaoangalia chini, si tundu linaloangalia bahari. Hewa inaingia kwa chini ya mdomo, inakuta ukuta ndani, inapanda juu ya ukuta ndipo inaingia chumba cha mashine. Maji yakiingia na hewa yanapiga ukuta, yanashuka, yanatoka kwa vitundu viwili vya chini kurudi nje. Wazo hilo si la kwake peke yake, makava ya kiwandani nayo mengi yana njia ya hewa yenye kujikunja namna hiyo, ila wengi wanaotengeneza mitaani wanaliruka kwa sababu ni kazi, wanakuachia tundu au wanaziba kabisa. Ya kuziba ni hatari kuliko tundu. Mashine ikikosa hewa petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi zimelowa, nguvu inapungua, unakunywa mafuta na boti haiendi, na mtu anaanza kufungua kabureta ambayo haina kosa lolote. Na ukishazima, lile joto na mvuke wa petroli vinataka pa kutokea, usivifungie.

Kipimo chake ni rahisi na yeyote anaweza kukifanya. Toka baharini na mzigo wako wa kawaida, tia moto mpaka mwisho kava likiwa limefungwa, sikiliza na angalia mwendo, halafu zima, livue, uwashe tena uende hivyo hivyo, mikono mbali na flaiwili. Mashine ikizidi nguvu baada ya kulivua basi kava linaibana. Langu tulilijaribu na fundi mwenyewe yumo botini, hapakuwa na tofauti yoyote.

Kazi ya karakana nliiona kwa vipande vipande kila nikipita mjini. Kwanza lile kava bovu lilitengenezwa upya kwa puti na faiba, paji likakatwa, mdomo wa nyuma ukajengwa, halafu likapigwa msasa, namba 120 mpaka 800 wa maji, likawa linang'aa kuliko siku nlipoinunua mashine. Hilo siyo kava, hilo ni mfano wa kutolea kalibu. Likapakwa nta, likafutwa, likapakwa tena, mara nyingi, juu yake ile dawa ya maji inayokauka ikawa ngozi nyembamba ya plastiki ili rezini isishikane. Kalibu ameitoa vipande viwili vinavyofungwa kwa nati pembeni, kwa sababu ule mdomo wa nyuma umejikunja, kalibu ya kipande kimoja kava lisingetoka mpaka uvunje kimoja. Wakati wa kubandua walitia vikabari vya plastiki pembeni wakamwaga maji, ile ngozi inayeyuka kwa maji, kitu kikatoka bila ya nyundo. Nlifurahi sana kukiona.

Kava lenyewe ni jelikoti nyeupe kwanza, yaani lile koti la nje lenye rangi, nusu milimita hivi, ikingojewa mpaka ukiigusa inanata lakini haikupaki kidole. Halafu mati nyembamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba ili nyuzi zisijitokeze kwenye uso, kisha mati mbili za 450, kila moja inapitishwa rola ya chuma mpaka mapovu yatoke. Unene unafika kama milimita 3. Kwenye klipu na kwenye ukingo ameongeza, na badala ya kuzika kipande cha ubao kwa ndani kama wengi wanavyofanya amezika vipande vya faiba iliyokwishakauka, maana ubao ukinyonya maji kwa tundu la nati unaoza humo humo ndani na huoni. Rezini aliipima, mati ya aina hii inataka rezini kama mara mbili mpaka mbili na nusu ya uzito wake, ukimwaga zaidi hupati nguvu unapata uzito. Nlipolinyanyua mara ya kwanza nlihisi halizidi la asili, na ni gumu zaidi, unalibonyeza ubavuni halirudi ndani.

Nyeupe nlichagua mie, jua letu rangi nyeusi au buluu iliyoiva inapika mashine hata ukiwa umeiegesha. Jina la boti limeandikwa ubavuni, stika za kampuni sikutaka.

Baharini sasa. Kusi imelipiga kisawasawa, ile ya Julai na Agosti ambayo wengine hawatoki. Nilikuwa nalifungua kila tukirudi naangalia chini ya ukuta wa ndani, unakuta unyevu na chumvi chumvi upande wa nje wa ukuta, upande wa kabureta pakavu. Plagi zina rangi ya kahawia inavyotakiwa. Ubao wa kiti haugusi tena, mashine inanyanyuliwa mpaka mwisho na mtoto anaweza kukaa pale. Kelele imepungua kidogo kwa ule unene, si sana, ila wageni wanaokaa nyuma wanazungumza bila kupiga makelele. Kijana mmoja pale karakana alitaka kubandika sponji kwa ndani ili kelele ipungue zaidi, ami akamkataza mbele yangu, sponji inanyonya petroli na oili na inakaa na mvuke karibu na moto wa mashine, akikushauri mtu hilo mkatalie.

Haya na mabaya. La kwanza mpira wa ukingoni. Walinifungia mpira wa mlango wa gari, unapendeza, unakaa vizuri, lakini ile aina ya mpira wa milango imetengenezwa kwa mvua na jua, haielewani na mafuta. Ndani ya kava la tu-stroki kuna mvuke wa petroli na oili wakati wote, haukupita muda ukavimba, ukawa laini unajivuta, na upande wa nyuma ukatoka kwenye njia yake kava likaanza kutetema. Nilipowarudishia walinibadilishia ule ule. Nkatafuta mwenyewe mpira unaostahimili mafuta, wanaouza vifaa vya mabomba ya haidroliki wanao, nkaukata nkaupachika na mpaka leo umetulia. Karakana inayojua rezini kiasi hiki haikutakiwa ikosee mpira, na wajibu wao ulikuwa wagharamie wao.

La pili ni ndani. Nje panang'aa ila kwa ndani wamepaka rezini ya mwisho bila ya kutia nta ndani yake. Poliesta ikikauka huku inaguswa na hewa uso wake unabaki unanata, ndio maana mkono wa mwisho unatiwa nta inayopanda juu kuziba hewa. Wao hawakutia, vumbi likashika, na pale kwenye ukingo nyuzi zilikuwa zimebaki zimesimama, kila ukivua kava mikono inawasha mpaka usiku. Hili waliporudishiwa walilifanya vizuri, wakapiga msasa wakapaka koti ya mwisho nyeupe, siku hiyo hiyo, bila maneno. Lakini mteja mwengine asiyejua angechukua akaenda nalo.

La tatu muda. Aliniahidi kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, nkalipata Idi imeshasahaulika. Sehemu ya kuchelewa namsamehe kabisa, kazi ilianza mkiani mwa masika na ami hapaki faiba siku ya mvua, mati inanyonya unyevu wa hewa inakuwa nyeupe nyeupe ndani ya rezini na pale hapashiki. Fundi anaekataa kupaka siku ya mvua ni fundi wa kumngoja. Ila siku zilizokuwa kavu pia nlikuta kalibu yangu imewekwa pembeni na watu wote wako kwenye ile boti kubwa, simu ukipiga unaambiwa "kesho inshaallah", kesho ukija unakuta hivyo hivyo. Angesema tu ukweli kwamba ana kazi ya mtu mwengine mbele ningepanga safari zangu, maana kwangu kila siku boti imekaa ni mabaharia hawana kitu cha kupeleka nyumbani.

Na jengine dogo, vijana wanapiga grenda kwenye faiba kavu pua wazi. Lile vumbi ni vioo vidogo vidogo, linaingia mapafuni. Nlimwambia ami, akasema barakoa anawanunulia wanazivua kwa joto. Siku ya mwisho nliwakuta wamezivaa wawili kati ya watatu. Napenda kazi yao ndio maana nalisema, hawa vijana nataka niwakute wazima baada ya miaka ishirini.

Bei. Kila kitu pamoja na kalibu na safari ya kuja Dimbani haikufika laki sita, nusu mbele nusu ukichukua. Kwa asieangalia vizuri ni ghali kwa kifuniko, lakini sehemu kubwa ya pesa ile ni kalibu, na hapa ndipo ninapomsihi mtu azungumze mapema kabla hajatoa hata shilingi: kalibu ni ya nani? Mie tulikubaliana ni yangu inakaa kwake, na akilitoa kava la mtu mwengine kwa kalibu ile ananambia. Jamaa yangu mmoja wa Kizimkazi Mkunguni ana mashine kama yangu, yeye amelipa vifaa na ufundi tu, chini ya nusu ya niliyolipa mie, na lake lilitoka haraka kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika. Shetri yake haina kile kiti kwa hiyo paji lililokatwa halimdhuru kitu. Mkiwa watatu wanne mna mashine aina moja hapo kijijini, changeni kalibu moja, kila mtu atapata kava kwa bei ya kawaida kabisa na siku likipotea mnatoa jengine. Zile boti za faiba za miradi ya uchumi wa buluu, vikundi vyenye mashine za aina moja ndio khasa wangefaidika na hili, badala ya kila kikundi kufunika mashine yake kwa gunia.

Ukienda, nenda na picha za mashine ikiwa imeshushwa na ikiwa imenyanyuliwa, upige kutoka pembeni ili shetri na kiti vionekane, japo ami atataka kuja mwenyewe. Mwambie mapema unatumia boti kwa kazi gani, wa dagaa anaerusharusha nyavu nyuma anataka kava lisilo na mdomo wa kunasa nyuzi, si sawa na mie wa wageni. Dai mpira wa mafuta, dai koti ya mwisho ndani, pitisha mkono ukingoni kote kabla hujamaliza kulipa. Omba na tundu la kufungia kamba ya usalama, langu lina kikamba kifupi kimefungwa kwenye mshikio wa mashine, klipu ikifunguka katikati ya mkondo kava linaning'inia halizami. Na likishakuwa lako lioshe kwa maji ya kisima kila likitoka baharini, na mara moja moja lipake nta ya gari, jelikoti isiyopakwa nta jua linaifanya unga mweupe.

Karakana utaipata kwa kuuliza, ukifika Mtoni sema unatafuta mafundi wa faiba za boti, watakuonesha. Nenda asubuhi, mchana wa jua kali wanapumzika kupaka kwa sababu rezini inawahi kuganda. Kwa Enduro 40 kalibu ipo, sema umetumwa na mtu wa Dimbani. Mashine ya aina nyengine itabidi uanze na mfano wako mwenyewe, kwa hiyo hata kava bovu lililovunjika vipande usilitupe, okota vyote upeleke.